Mto Rusizi na Akili ya Wengi: Makundi ya Watu Yanavyofikiri Pamoja Kando ya Ziwa Tanganyika

Elimu ya nafsi ilitumia sehemu kubwa ya karne ya 20 kupima akili ya mtu mmoja mmoja, na vipimo hivyo vikaingia mashuleni, jeshini na maofisini, ilhali kazi nyingi ambazo maisha ya jamii huzitegemea, kama kuvua, kusafirisha mizigo, kuamua kesi, kutibu wagonjwa na kugawa ardhi, hufanywa na watu wanaokaa pamoja, wakasemezana, wakabishana na hatimaye wakakata shauri. Katika mhadhara huu, akili ya kundi ni uwezo wa watu kadhaa kulitatua kwa pamoja tatizo ambalo hakuna hata mmoja wao ambaye angelitatua peke yake, na kuweza kuyakabili matatizo mengine ya namna tofauti kwa ubora uleule. Makundi hayafanani katika jambo hili: yapo yaliyojaa wasomi ambayo huamua ovyo mwaka baada ya mwaka, na yapo ya watu wa kawaida ambayo huamua vizuri hata panapokuwa na giza na hatari. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tofauti hiyo hutokana hasa na njia ambayo maarifa yaliyotawanyika kwa watu mbalimbali hupita hadi kufika mahali uamuzi unapotolewa, na kwamba njia hiyo huzibwa mara nyingi zaidi na cheo, haraka na majivuno kuliko inavyozibwa na ujinga.

Mwambao wa Kigoma na Ujiji unafaa kwa uchunguzi wa hoja hii kwa sababu ziwa lenyewe halijulikani lote kwa mtu mmoja. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, kina chake kinafika mita 1,470, na maji yake yamegawanywa na nchi nne, kiasi kwamba Kongo ina takriban asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania asilimia 41, Burundi asilimia 8 na Zambia asilimia 6. Mvuvi anayetoka usiku wa giza na taa zake huyajua maji ya karibu na mwalo wake, lakini hajui kinachotokea Mpulungu, upande wa Zambia. Mwanamke anayeanika dagaa huujua ukubwa wa samaki wa msimu huu na wa msimu uliopita, lakini hakai katika kikao kinachopanga ukubwa wa matundu ya nyavu. Mtafiti anayepima joto la maji katika vina mbalimbali huijua hali ambayo jicho haliwezi kuiona, lakini huenda hajawahi kulala ziwani usiku hata mmoja. Maarifa ya ziwa yamo kwa watu wote hao, na hayamo kamili kwa yeyote kati yao.

Mfano wa kale na ulio wazi zaidi ni ule wa Mto Rusizi, ambao uko upande wa kaskazini wa ziwa. Mnamo Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji wakiongozwa na njia ya misafara ambayo Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi walikuwa wameizoea kwa miaka mingi. Swali lililowashughulisha wataalamu wa jiografia wa London lilikuwa moja: je, mto ulioko kaskazini mwa ziwa hilo hutoka ziwani au huingia? Kama hutoka, basi Tanganyika ingeweza kuwa chanzo cha Nile. Kama huingia, basi Nile ingetafutwa kwingine. Kwa watu wa mwambao hilo halikuwa fumbo hata kidogo, kwa kuwa mitumbwi ya Ujiji ilikuwa ikienda Uvira, kaskazini-magharibi mwa ziwa, kuleta bidhaa, na waliokaa karibu na mdomo wa mto waliyaona maji yake kila siku.

Hata hivyo, njia ya kuyafikisha maarifa hayo kwa waulizaji ilikuwa na nyufa. Speke alivuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge kumwona mfanyabiashara Hamid bin Sulayyim ili akodishe jahazi lake, na aliporudi alisema kwamba ameambiwa kuwa mto mkubwa hutoka ziwani upande wa kaskazini. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha. Maneno ya mwenyeji wake yalimfikia kwa kupitia Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India na kisha akarudi Unguja, ambaye alizungumza na Speke kwa Kihindustani. Kwa hiyo jibu moja lilivuka lugha mbili na vichwa vitatu kabla ya kuandikwa, tena kwa mtu ambaye wakati huo alikuwa na maumivu ya macho na alikuwa ameharibiwa sikio na mdudu aliyemwingia katika safari hiyohiyo. Mwezi Aprili mwaka huo wasafiri hao wawili walikwenda kwa mitumbwi hadi Uvira pamoja na Kannena, mkuu wa Kawele, sehemu ya Ujiji, na huko wakatembelewa na wana watatu wa mtawala wa mahali hapo. Vijana hao walisema kwamba walikwisha kufika mtoni, na kwamba Rusizi huingia ziwani, na watu waliokuwapo wakaafiki. Bombay naye akaeleza kwamba maneno ya Hamid hayakufahamika sawasawa tangu mwanzo. Kwa kuwa wapiga makasia walikataa kusonga mbele kwa kuhofia watu wa kaskazini, na kwa kuwa Burton alikuwa na vidonda vya ulimi vilivyomfanya ashindwe kusema vizuri, msafara ulirudi Ujiji bila kufika mdomoni mwa mto.

Mpaka hapo hakuna aibu yoyote, kwani ushahidi ulikwisha kupatikana, na ulikuwa wa kweli. Kosa lilitokea baadaye, mbali na ziwa. Burton na Speke walipogombana juu ya chanzo cha Nile, na hasa baada ya Speke kufa tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala uliokuwa umepangwa kufanyika mjini Bath, Burton aliandika kwa kudai kwamba huenda Rusizi hutoka ziwani baada ya yote, kwa sababu dai hilo lingeidhoofisha hoja ya hasimu wake kwamba ziwa la Nyanza (Viktoria) ndilo chanzo. Maneno ya wana wa Uvira, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyasikia na kuyaandika, yalishuka thamani pale yalipokutana na haja ya kushinda ubishi. Ilibidi kungoja hadi Novemba 1871, ambapo David Livingstone na Henry Morton Stanley, wakiwa wametoka Ujiji kwa mtumbwi, walifika mdomoni na kuona maji yakiingia ziwani, jambo ambalo kila mpiga kasia wa Ujiji angeweza kuwaambia. Miaka 13 ilipita kati ya jibu na kukubaliwa kwa jibu. Katika miaka hiyo wenye maarifa walikuwapo, waliulizwa na wakajibu, na bado kundi la wataalamu wa dunia nzima lilibaki gizani.

Wachunguzi wa elimu ya nafsi ya jamii wameutafiti udhaifu wa namna hii katika vyumba vya majaribio. Mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus wa Marekani waliwapa watu taarifa za wagombea wa nafasi fulani, na wakazigawa kwa makusudi: habari nyingine kila mtu alipewa, na nyingine, ambazo ndizo zilizomwonyesha mgombea aliye bora, alipewa mmoja mmoja pekee. Watu walipokaa kujadiliana, walirudiarudia yale ambayo wote walikwisha kuyajua, na yale yaliyokuwa kwa mtu mmoja yalitajwa kwa shida au hayakutajwa kabisa, hivyo wengi wakamchagua asiye bora. Sababu yake inaeleweka: neno ambalo wengine pia wanalijua humpa msemaji uzito na kuungwa mkono, ilhali neno alijualo yeye tu humwacha peke yake mbele ya wenzake. Kikao kinaweza kudumu saa nyingi, kila mtu akasema, watu wakatoka wameridhika, na bado kisiwe kimejifunza hata jambo moja ambalo halikujulikana na wote tangu mwanzo. Jambo hili linastahili kutiliwa mkazo, kwa sababu vikao vingi vya vijiji, vyama na serikali hupimwa kwa kukubaliana, na kukubaliana kwenyewe hakuonyeshi kama maarifa yaliyofichika yamejitokeza.

Kuna upande mwingine ambao watu huutaja zaidi, nao ni ule wa wingi. Mwaka 1907 Francis Galton alichapisha uchunguzi wa shindano lililofanyika katika maonyesho ya mifugo ya Plymouth, ambapo watu walikisia uzito wa ng'ombe dume baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Karatasi 787 zilisomeka, na kisio la katikati, yaani lile ambalo nusu ya watu walikisia chini yake na nusu juu yake, lilikuwa ratili 1,207, wakati uzito wa kweli ulikuwa ratili 1,198. Tofauti haikufika asilimia moja. Mara nyingi mfano huu hutolewa kana kwamba wingi peke yake una hekima, lakini masharti yaliyoufanikisha ni muhimu kuliko matokeo. Kila mshindani aliandika kisio lake peke yake, hakusikia la jirani, alilipa fedha yake mwenyewe na kwa hiyo alikuwa na sababu ya kufikiri, na miongoni mwao walikuwamo wachinjaji na wafugaji waliojua walichokitazama. Watu hao wangalisimama uwanjani na kukisia kwa sauti, wakianza na mwenye cheo, makosa yasingalifutana; yangalifuatana. Methali isemayo kwamba penye wazee haliharibiki neno ina ukweli wake, lakini penye mzee mmoja asemaye kwanza na wengine wakaitikia, kilichopatikana ni maoni ya mtu mmoja yaliyopewa mashahidi wengi.

Ziwa Tanganyika liliwapa wachunguzi fumbo jingine, ambalo hata kura za siri zisingaliweza kulifumbua. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alifika kutoka Ujiji hadi mdomo wa Mto Lukuga, upande wa magharibi, akasema kwamba mto huo hutoka ziwani kwa mwendo wa taratibu katikati ya majani. Mwaka 1876 Stanley, akiwa anaizunguka pwani ya ziwa, alifika Lukuga na kusema kwamba hapo pana matope na mafunjo yaliyoziba, na kwamba maji yatatoka siku ziwa litakapopanda vya kutosha. Aliona pia kwamba huko Ujiji ziwa lilikuwa limepanda tangu alipokuwapo mwaka 1871, hata miti na fukwe alizozikumbuka zimeingia majini. Mwaka 1879 Edward Hore wa Chama cha Wamisionari cha London, aliyekuwa na makao yake Ujiji, aliuona Lukuga ukitoka kwa nguvu, na mwishoni mwa mwaka huohuo Joseph Thomson akaona vilevile. Kila mmoja alisema kweli ya siku yake. Mdomo ulikuwa umejiziba kwa muda mrefu, ziwa likapanda, kizuizi kikavunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Kubishana kuhusu nani mkweli kusingalifika popote. Kilichohitajika ni kuyapanga maneno yao kwa tarehe na kuyaweka pamoja na kumbukumbu za wazee wa mwambao kuhusu kupanda na kushuka kwa maji. Hapa akili ya kundi inadai kitu zaidi ya kuheshimiana: inadai kumbukumbu ambayo haifi pamoja na msemaji. Miaka ya hivi karibuni, kuanzia 2020, maji yalipopanda tena yakaingia katika nyumba za Uvira na Bujumbura na kuisumbua bandari ya Kigoma, wengi walishangaa kana kwamba jambo hilo halijapata kutokea.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Anita Woolley na wenzake katika jarida la Science uliongeza jambo ambalo lingewashangaza wapimaji wa akili wa karne iliyopita. Watu 699 waliwekwa katika makundi madogo ya watu wawili hadi watano na kupewa kazi za namna nyingi, kuanzia mafumbo hadi kupanga mambo na kuamua masuala ya maadili. Ilionekana kwamba kundi lililofanya vizuri kazi moja lilielekea kufanya vizuri na nyingine, yaani kundi lina akili yake ambayo linatembea nayo, na kwamba wastani wa akili za wanakundi, au akili ya yule aliye hodari kuliko wote, haukuitabiri sana. Kilichoitabiri zaidi kilikuwa uwezo wa wanakundi kusoma hisia za wenzao machoni, usawa wa zamu za kusema, na uwiano wa wanawake ndani ya kundi, jambo ambalo watafiti walilihusisha na uwezo huohuo wa kusoma hisia. Wapo wataalamu waliotilia shaka namna matokeo hayo yalivyohesabiwa, na shaka yao ilikuwa na faida, kwa kuwa ilileta majaribio mapya. Mwaka 2021 uchambuzi wa makundi 1,356 ulithibitisha kwamba akili ya kundi ipo na inapimika, na ukaonyesha kwamba namna wanakundi wanavyoshirikiana ina uzito mkubwa kuliko uhodari wa kila mmoja wao. Usawa wa zamu hauna maana ya kila mtu kupewa dakika sawa kwa saa. Maana yake ni kwamba mwenye habari isiyojulikana na wengine hapati hasara kwa kuitoa.

Historia ya Afrika Mashariki ina kundi ambalo lilitimiza masharti hayo kwa ukamilifu unaostaajabisha, na haki yake bado haijalipwa. Ni kundi la watu waliosalia huko Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu, Livingstone alipofariki mwanzoni mwa Mei 1873. Abdullah Susi, ambaye ndiye aliyemkimbilia Stanley pale Ujiji mwaka 1871, na James Chuma, walikuwa wamekaa na Livingstone miaka mingi; Jacob Wainwright na wenzake waliosomeshwa katika shule ya Nasik nchini India walikuwa wamejiunga baadaye, na wengine walikuwa wapagazi na askari waliotumwa kutoka pwani. Hawakuwa watu wa kabila moja, wala dini moja, wala muda mmoja wa utumishi. Aliyekuwa kiunganishi chao alikuwa amekufa. Hapakuwa na barua ya amri, hapakuwa na mshahara ulio karibu, na pwani ilikuwa mbali kwa mwendo wa miezi.

Walichokifanya kwanza ni kuitana wote na kusema wazi kilichotokea. Waliwachagua Susi na Chuma kuwa wakuu, kwa sababu walikuwa wameyazoea mashaka ya safari kuliko wengine, na wakaahidi kuwatii. Kwa hiyo uongozi ulitokana na ujuzi unaohusika na kazi iliyokuwapo, ukatolewa na walioongozwa. Kisha mali yote ya marehemu ilihesabiwa mbele ya watu, na Wainwright, ambaye alijua kuandika, akaorodhesha. Walipokubaliana kwamba mwili urudishwe pwani, kazi zilikwenda kwa wenye ujuzi wake: Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja na kuona maiti ikipasuliwa, ndiye aliyeshika kisu, moyo na matumbo vikazikwa chini ya mti, Wainwright akasoma sala ya maziko kwa Kiingereza, mwili ukatiwa chumvi na kukaushwa juani kwa siku 14, ukafungwa kwa kitambaa, kwa gome la mti na kwa turubai. Mtawala Chitambo, ambaye mwanzoni walimficha kifo hicho kwa hofu, aliwashauri wazike hapohapo kwa kuhofia hatari ya njiani, na aliposikia sababu zao akawaunga mkono. Jambo hilo linaonyesha kwamba kundi hilo lilisikiliza hata shauri ambalo halikulifuata.

Uchaguzi wa njia unaonyesha akili hiyo kuliko kitu kingine chochote. Mwaka uliotangulia Livingstone alikuwa amewapitisha katika milima iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki, na mwendo huo uliwachosha watu vibaya. Safari hii, wakiwa na mzigo mzito zaidi na nguvu ndogo zaidi, waliamua kukaa mbali na ziwa na kupita katika nchi ya Ufipa iliyo tambarare, na mwendo ukawa mwepesi. Maarifa ya miguu ya wapagazi, ambayo katika safari ya awali hayakuwa na nafasi mbele ya dira na nia ya kiongozi, sasa ndiyo yaliyoongoza. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta Cameron, ambaye aliwashauri wamzike hapo; wakakataa kwa heshima. Mbele kidogo, huko Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Waliujadili ugumu huo, wakaubadilisha mfungo wa mwili ufanane na mtumba wa kawaida wa nguo, kisha wakatengeneza kwa mabua kitu kilichofanana na maiti na kukibeba kurudi nyuma kama wanaokwenda kuzika Unyanyembe. Usiku mabua yakatawanywa porini, na watu wakarejea msafarani mmoja mmoja. Mwezi Februari 1874 walifika Bagamoyo. Ofisi ya ubalozi wa Uingereza ikaupokea mwili, na wengi wao wakalipwa na kuagwa. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza hadi mazishi ya London tarehe 18 Aprili. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, na ni kumbukumbu zao zilizomwezesha Horace Waller kueleza miezi hiyo katika shajara za mwisho za Livingstone alizozichapisha mwishoni mwa mwaka 1874. Vitabu vingi vimeisifu safari hiyo kuwa ni uaminifu wa watumishi. Uaminifu ulikuwapo, lakini uaminifu hauchagui njia, haukaushi mwili wala haubuni hila ya mabua. Sifa inayowastahili ni ya akili, na mhadhara huu unaitaja kwa jina hilo bila kusitasita.

Katika wakati wa karibu zaidi, vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Gombe vimetoa funzo linalofanana na hilo kwa njia ya upole zaidi. Mradi wa TACARE ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 ulikusudia kurudisha miti katika vilima vilivyobaki uchi kati ya Kigoma na mpaka wa Burundi, lakini Watanzania waliotumwa kuanzisha kazi waliwauliza wanakijiji mahitaji yao kabla ya kuleta miche, na majibu yakahusu afya, maji, shule na chakula. Baadaye, wakati wa kupanga matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, picha za setilaiti zilizo wazi sana zilitandazwa mbele ya wanakijiji, nao wakaonyesha vyanzo vya maji, njia, makaburi na mahali patakatifu. Mpimaji alikuwa na picha yenye usahihi ambao hakuna mwanakijiji angeuchora. Mwanakijiji alikuwa na majina na historia ambavyo hakuna setilaiti ingeviona. Na ramani iliyotumika ilitokana na kuwapo kwao wote mezani wakati mmoja.

Samaki ndio mtihani mgumu zaidi, kwa sababu hapa watu wanagombea riziki. Mavuno ya dagaa na migebuka yamekuwa yakilalamikiwa kupungua, na kila upande una sababu yake. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini. Kwa kuwa virutubisho viko chini na mwanga uko juu, mimea midogo ambayo ndiyo msingi wa chakula cha samaki imepungua. Wataalamu wengine wakajibu kwamba uvuvi wenyewe una lawama kubwa. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, kwa kusoma matope ya chini ya ziwa tabaka kwa tabaka, waliona kwamba kushuka kwa samaki kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuenea. Wavuvi nao husema juu ya nyavu za matundu madogo, makokoro na wageni wanaovuka mpaka. Ni hali ya Lukuga iliyorudi kwa sura nyingine: wasemaji wanaweza kuwa wakweli wote, kila mmoja kwa sehemu na wakati wake, na hatari ni kwamba serikali itachagua msemaji mmoja.

Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 imevipa nafasi vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya mialoni, vinavyojulikana kwa herufi BMU, na kwa karatasi vikundi hivyo vingeweza kuwa mlango wa maarifa ya mwambao. Ukweli ni kwamba mara nyingi hutumiwa kama mkono wa kukamata nyavu haramu na kutangaza maagizo, yaani maneno hushuka kuliko yanavyopanda. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza jamii zinazotunza mali ya pamoja, alionyesha kwamba kanuni hudumu pale wanaobanwa nazo wanaposhiriki kuzitunga na kuzirekebisha, na pale walinzi wanapowajibika kwa watumiaji wenyewe. Hata ndani ya kikundi cha mwalo tatizo la Stasser na Titus lipo palepale, kwa kuwa mwenye mitumbwi husema mbele ya kibarua anayemtegemea kwa mkate wa kesho, na mwanamke mwanika dagaa anaweza kuandikwa katika orodha ya wajumbe bila neno lake kuingia katika muhtasari hata mara moja. Anayepasua migebuka kila asubuhi huona mayai tumboni mwao kabla ya mtafiti yeyote, na anayenunua dagaa kwa ndoo hujua ni mwezi gani wamekuwa wadogo. Habari hizo ndizo hasa ambazo kikao kinazihitaji na hakizipati.

Tanzania ilifunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na hatua hiyo ilitokana na makubaliano ya nchi nne zinazokutana chini ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura, iliyotokana na mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003. Kufunga ziwa la nchi nne kwa pamoja ni tendo la ushirikiano lisilo dogo, na linastahili heshima. Lakini miezi mitatu ya kusubiri iliwapa watu wa mialo uchungu wa kukosa kipato na pia kipimo ambacho hakijawahi kupatikana kwa upana huo, kwani kila mwalo ulikuwa na siku ya kufunga na siku ya kufungua zinazojulikana, na kila mvuvi na mchuuzi aliona kilichokuja baada ya hapo. Kama kila mwalo, kuanzia Kagunga hadi Kasanga, ungekuwa na daftari ambamo mzani wa usiku wa kwanza, ukubwa wa dagaa waliotandazwa vichanjani, hali ya mayai ya migebuka na mwelekeo wa upepo vinaandikwa na watu waliochaguliwa na wenzao, wakiwamo wanawake wanaoanika na vibarua wasio na mtumbwi, na kama madaftari hayo yangesomwa Bujumbura kando ya vipimo vya joto la maji kabla tarehe za kufunga tena hazijapangwa, wataalamu wangejua kama miezi iliyochaguliwa ndiyo inayofaa kaskazini na kusini sawasawa, au kama ziwa refu kiasi hicho linahitaji kufungwa kwa nyakati tofauti.